Kikao Kuhusu Kukaa kwa Mama Pasi

Idara inayoshughulikia ustawi wa wananchi imetangaza, baada ya kushauriana na wataalamu na kunywa chai pamoja nao, kwamba kutazama runinga sehemu baada ya sehemu bila kupumua ni tabia inayodhoofisha moyo, macho, uti wa mgongo na umoja wa familia. Mwongozo wake umechapishwa kwenye karatasi ya kung'aa, yenye picha ya babu anayecheka akiwa na mpira mkononi. Unamtaka kila mtazamaji asimame kila sehemu moja inapokwisha, anywe maji, anyooshe viungo, na ajiulize kwa utulivu kwa nini anatazama. Unaitaka pia kila kaya imteue mmoja wao kuwa msimamizi wa utazamaji, mtu mwenye upendo na msimamo, atakayeamua kifaa kiwashwe lini, kizimwe lini, na ikibidi kiondolewe nyumbani kwa muda, kwa heri na bila ugomvi.

Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuipinga karatasi kama hiyo. Mama Pasi aliipinga.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, ambako alipiga pasi mashuka tangu akiwa msichana mpaka akawa bibi wa watu. Chumba kilikuwa chini ya jengo, nyuma ya jiko, na madirisha yake membamba yalikuwa juu kabisa ya ukuta, yakionyesha viatu vya wapita njia na si zaidi. Sakafu ilikuwa ya saruji na haikuwahi kukauka. Katikati ilikuwapo mashine ya kupigia pasi, ndefu kama jeneza la watu wawili, ikipumua mvuke kutwa nzima. Mwanamke mmoja alishika ncha hii ya shuka, mwenzake ile, wakalinyoosha, wakailisha mashine, wakalipokea upande wa pili, wakalikunja, wakachukua jingine. Mashuka hayakuisha kwa sababu wagonjwa hawakuisha.

Mle ndani kulikuwa na kiti kimoja, nacho kilikuwa cha msimamizi. Wanawake wa chumba kile walikuwa na mzaha wao, wa zamani kuliko baadhi yao, waliorithishana pamoja na aproni: kwamba duniani kote maneno yana maana yake isipokuwa mle, ambamo msimamizi ndiye pekee aliyekaa. Mgeni akichungulia mlangoni na kuuliza, "Msimamizi yuko wapi?" walimjibu kwa pamoja, bila kuinua macho, "Amekaa!" Na mmoja wao akithubutu kupindua ndoo aitulize nyonga yake kidogo, sauti ilitoka kwenye kile kiti, bila hasira, karibu kwa huruma: "Mama, ndoo ni ya maji."

Miguu ya Mama Pasi ilijibu kwa namna yake. Mishipa ilitokeza nyuma ya magoti kama kamba za viatu, na vifundo vilivimba kila jioni. Alijikaza kisabuni, kama wanavyosema watu ambao hawajawahi kushika sabuni ya hospitali. Mumewe alifariki wakati watoto bado wadogo. Akawalea wawili hao kwa mashuka ya watu, mpaka wa kiume akawa msimamizi wa ghala la vigae na wa kike akawa mwalimu. Kisha akastaafu. Walimpa saa ya ukutani na wakamwimbia. Kwa kiinua mgongo chake akanunua vitu viwili: kiti cha mikono chenye springi na mto wa mgongoni, na tivii.

Watoto walidhani tivii ndiyo kitu chenyewe. Hapo ndipo walipokosea tangu mwanzo. Kitu chenyewe kilikuwa kiti, na tivii ilikuwa sababu tu. Mwanamke anayekaa kitako mchana kweupe bila sababu huitwa mvivu, na akizidi huitwa mgonjwa. Lakini anayekaa huku macho yake yameelekezwa mahali, huyo ana shughuli. Mama Pasi alilijua hilo kwa mifupa yake. Aliweka kiti mbele, tivii ukutani, akapandisha miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, na akaanza shughuli.

Muuza kaseti wa zamani, ambaye sasa anauza flashi, alimpa tamthilia moja ndefu ya nchi ya mbali, iliyotiwa Kiswahili na watu wanaozungumza kana kwamba wanasoma maelekezo ya dawa ya kikohozi. Majina ya wahusika hayakumkaa kichwani, akawapa yake. Msichana mwema, yatima, aliyeteswa na kila mtu, akawa Shuka. Mjomba mwovu aliyenyemelea mali yake akawa Doa, kwa sababu kila alikopita aliacha alama isiyotoka. Wakili mwenye shingo ngumu akawa Wanga. Na mtunza funguo wa lile jumba, mzee aliyesimama pembeni ya kila chumba tangu sehemu ya kwanza bila kutamka hata neno moja, akawa Mzee Kufuli. Mama Pasi alimpenda huyo kuliko wote. Mtu anayesimama namna ile, alisema, lazima ana jambo.

Kila jioni alimpigia simu mwanawe kumsimulia. "Leo Doa kamghilibu Wanga," alisema. "Eeh, mama," alijibu mwanawe. "Na Kufuli bado kanyamaza." "Eeh, mama." Nyuma ya sauti yake zilisikika katoni za vigae zikishushwa. Mama Pasi hakutegemea zaidi. Alimzoea mwanawe kama mtu anavyozoea bomba lenye kutoa maji kidogo.

Hakuna anayebisha kwamba alizidisha. Alitazama asubuhi na akatazama mchana. Sehemu moja ilipokwisha, nyingine ilianza yenyewe, na yeye hakuona ni kwa nini azuie kitu kinachofanya kazi bila kusukumwa. Aliunguza maharagwe. Alisahau miadi ya daktari wa macho, jambo ambalo binti yake aliliona lina maana kubwa. Kisha siku moja yule binti, ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu pamoja na mama yake mzazi, alifika mchana akabisha hodi. Akabisha tena. Akasikia sauti za watu ndani, za kilio, na mama yake haitikii. Akapiga mayowe. Fundi seremala wa mtaani akaja na nyundo, akang'oa kitasa, mlango ukaanguka pamoja naye, na Mwalimu akaingia machozi yakimtiririka, tayari kuukumbatia mwili.

Mwili uliinua mkono. "Subirini kidogo," ulisema. "Doa anakamatwa."

Kikao kiliitwa Jumapili iliyofuata.

Alikuja mwana, na mkewe. Alikuja Mwalimu na ile karatasi ya kung'aa, aliyoipata shuleni kwake. Chumba cha Mama Pasi si kikubwa: kitanda, kabati, meza, kiti kile kimoja. Mwalimu na wifi yake waliketi kitandani. Mwana, kwa kuwa ni mkubwa na ni mwanamume na amechoka na kazi, aliketi kwenye kiti cha mikono. Akakitikisa kidogo akasema, "Springi nzuri." Wakaanza kikao kuhusu kukaa kwa mama yao, naye mama yao akiwa amesimama mlangoni.

"Mama, hatusemi usitazame," Mwalimu alianza, kwa sauti anayoitumia kwa watoto wa darasa la kwanza na kwa wazazi wao. "Tunasema utazame kwa kiasi."

"Kiasi gani?"

"Wataalamu wanasema sehemu mbili kwa siku. Na katikati unasimama."

"Nimekwisha kusimama."

"Sasa hivi?"

"Mpaka nilipostaafu."

"Mama, usigeuze maneno. Kukaa muda mrefu ni hatari. Damu inaganda. Wamethibitisha."

Wataalamu wa idara, ambao kazi yao hufanyika juu ya viti vyenye magurudumu, wamethibitisha kweli kwamba kukaa kunaua. Kuhusu kusimama, utafiti unaendelea.

"Tumeonelea," alisema mwana, "nyumba hii iwe na msimamizi, kama mwongozo unavyotaka."

Mama Pasi alilisikia lile neno na uso wake ukabadilika. Watoto wake hawakuuelewa mzaha wa chumba cha kufulia. Hawakuwahi kuusikia, kwa kuwa hawakuwahi kuuliza huko chini watu walicheka nini.

"Msimamizi nani?"

"Mimi, mama."

"Kakuteua nani?"

"Tumekaa, tukaona..."

"Mmekaa," alisema Mama Pasi. "Hilo naliona."

Tivii ilikuwa inawaka muda wote huo, picha ikiwa imesimamishwa. Kabla hawajafika, jambo kubwa lilikuwa limetokea: katika sebule ya jumba, mbele ya Shuka, Wanga, na Doa aliyetoka kwa dhamana, Mzee Kufuli alikuwa amepiga hatua moja kutoka pembeni na kufungua mdomo. Mama Pasi alikuwa ameisimamisha picha hapo hapo, mdomo wa mzee ukiwa wazi, ili wageni wakiondoka amsikilize kwa heshima zake.

"Niachieni neno hili moja tu," alisema. "Aseme, halafu mchukue."

"Ndiyo yale yale, mama," alisema Mwalimu kwa masikitiko. Alifunua karatasi na kuonyesha kwa kidole. "Hii hapa: mtazamaji aliyeathirika huomba kila mara aongezewe kidogo."

Mwana akachomoa waya. Mzee Kufuli akazimika mdomo wazi. Wakaishusha tivii ukutani, wakaifunika blanketi, wakaipeleka kwenye gari. Itakaa stoo, walisema, mpaka hali itengemae. Chini ya mahali pake, mezani, Mwalimu aliweka maua ya plastiki.

Msusi anayeishi mlango wa pili, mwanamke asiyejua kunong'ona, alisimama barazani na kitana mdomoni akiitazama tivii inavyoondoka.

"Makubwa! Mama Pasi, umenyang'anywa tivii kama mtoto aliyefeli?"

"Wanasema naumwa."

"Sasa na ile flashi yako nayo inaumwa? Mbona nimeiona imechomekwa nyuma na imeondoka nayo? Ungekuja kutazamia kwangu!"

Mama Pasi aliingia ndani akakaa kwenye kiti chake mbele ya maua. Springi zilikuwa na joto la mtu mwingine.

Zikafuata wiki za ustawi. Mwalimu alimwandikisha katika kikundi cha wazee wanaojali afya, kinachokutana uwanjani asubuhi. Mama Pasi alienda, kwa kuwa ameahidi, amevaa raba za mjukuu wake. Wazee walipangwa mstari. Mkufunzi mwenye filimbi aliketi juu ya pikipiki yake na kupaza sauti.

"Tunasimama wima, wazee wangu! Kukaa ni adui! Nani adui?"

"Kukaa!" waliitikia wazee.

"Mwanangu," alisema Mama Pasi kutoka mwisho wa mstari, "na wewe huko juu unapambana naye vipi?"

Mkufunzi alicheka. Alisema bibi ana vituko. Akamwomba arudi kwenye mstari, na Mama Pasi, ambaye alikuwa ameusikia ule upole mahali fulani, akavua raba, akazishika mkononi, akaondoka pekupeku. Hakurudi tena.

Watoto nao walitimiza wajibu wao. Mwongozo unasema runinga ikiondolewa, nafasi yake ichukuliwe na mazungumzo ya kifamilia. Basi walikuja kila Jumapili kuzungumza. Mwalimu alizungumza na simu yake, akicheka peke yake mara kwa mara. Mke wa mwana aliosha vyombo. Mwana alikaa kwenye kile kiti, akasinzia mdomo wazi, macho mekundu kama ya mlinzi.

"Mbona hulali vizuri, baba?" Mama Pasi alimuuliza mara moja.

"Kazi, mama. Ghala limetuelemea."

Akamwonea huruma. Jambo hilo ndilo lililokuja kumchoma kuliko yote baadaye: kwamba alimwonea huruma, na akampakulia nyama ya ziada.

Jumapili moja walikuwa wanakula. Mama Pasi alikuwa amesimama akikwangua sufuria, na ule mdomo wazi ulikuwa umemjia tena, kama unavyomjia kila siku akiyatazama maua.

"Basi nitakufa bila kujua Mzee Kufuli alitaka kusema nini," alisema. Hakumwambia mtu. Aliiambia sufuria.

"Ah, mama," alisema mwanawe, mdomo umejaa, kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Usijipe presha bure kwa ajili ya yule mzee. Si ndiye baba yake Shuka, basi! Hakuna kingine."

Mwiko uliacha kukwangua. Mwalimu aliinua macho kutoka kwenye simu. Mke wa mwana aliyafumba yake akasema chini chini, "Nilijua tu."

"Baba yake nani?" aliuliza Mama Pasi.

"Nani?"

"Umesema Kufuli ni baba yake nani."

"Nimebahatisha tu, mama. Hizi tamthilia si zote ziko hivyo?"

"Kule kwenye tivii hawaitwi hivyo. Wana majina yao, wanaitana kutwa. Shuka unamjua wewe?"

"Si wewe mwenyewe, mama... kwenye simu..."

"Kumbe ulikuwa unanisikia."

Hilo alilisema polepole. Jioni zile zote za "eeh, mama", na kumbe bomba lilikuwa na maji.

"Kaka!" Mwalimu aliruka. "Si ulisema iko stoo? Imefunikwa blanketi?"

"Blanketi tunajifunika sisi," alisema mkewe, ambaye alikuwa ameosha vyombo vya kutosha. "Kwenye kochi. Tivii iko sebuleni tangu siku ile ile. Alisema anajaribu kama haikuumia njiani. Akajaribu mpaka asubuhi. Kamaliza yote, karudia, na kazini juzi kapewa barua ya onyo kwa kuchelewa."

"Wewe mwanamke!"

"Mimi nini? Nilipokwambia mrudishie mama yako ulisema nini? Ulisema subiri Doa afungwe!"

Msusi, huko nje, alikuwa ameacha kusuka.

Mama Pasi hakucheka, ingawa baadaye wote walioisimulia habari hii walidai kwamba alicheka. Aliweka sufuria chini. Akaenda akasimama mbele ya kiti cha mikono.

"Toka kwenye kiti changu."

Akatoka.

"Nimesimama nikiwa na wewe tumboni, shuka mkononi. Nimesimama nikakusomesha. Siku niliyokaa, mkasema naumwa. Nikasema sawa, watoto wamesoma, huenda wanajua. Kama ni ugonjwa ningetibiwa. Lakini wewe umenichukulia ugonjwa wangu, ukaenda kuugua kwako. Kwenye kochi. Na neno moja niliomba. Moja! Ukachomoa waya."

"Mama, samahani. Sikujua kama..."

"Ulijua. Ulikuwa unasikia."

Mwalimu aliichukua karatasi ya kung'aa kutoka mezani, labda ili atafute kama imesema lolote kuhusu hali hiyo, kisha akaikunja akaitia mkobani.

"Nenda kailete," alisema Mama Pasi.

"Gari liko gereji, mama. Kesho nitapata..."

"Leo ulikuja hapa kwa miguu au kwa gari?"

"Kwa miguu."

"Basi."

Akaenda. Akarudi jua likiwa bado kali, tivii begani, imefunikwa blanketi, shati limemganda mgongoni. Barazani msusi alimpigia makofi.

"Karibu, msimamizi! Mgonjwa karuhusiwa? Daktari anasemaje?"

Mwana aliitundika tivii mahali pake, akachomeka waya, akaipapasa flashi nyuma kuhakikisha ipo. Maua ya plastiki yalihamia juu ya kabati. Mama Pasi alikuwa amekwisha kukaa, miguu juu ya ndoo. Alitafuta sehemu yake mwenyewe, kwa rimoti, bila kumwomba mtu. Mzee Kufuli akapiga hatua moja kutoka pembeni, akafungua mdomo, na kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa ya kikohozi akasema kwamba yeye ndiye baba.

Shuka alilia na Wanga akadondosha mafaili. Mama Pasi alitazama bila kupepesa. Neno alilolingoja muda wote ule alikuwa analisikia kwa mara ya pili, na mtu aliyelisema mara ya kwanza alikuwa analisema akitafuna nyama yake. Kitu hicho hakirudishwi begani. Mwanawe alilifahamu hilo, nadhani, maana alikohoa, akaivuta ndoo ya pili iliyokuwa pembeni na kuanza kuipindua.

"Ndoo ni ya maji," alisema mama yake.

Akairudisha. Akasimama karibu na mlango, mikono nyuma. Sehemu ile ikaisha, nyingine ikaanza yenyewe.

"Mama," alisema baadaye. "Miguu inauma."

"Ndiyo," alisema Mama Pasi. "Huwa inauma." Na akaongeza sauti ya tivii.

Mwongozo wa idara unaitaka kila kaya iwe na msimamizi wa utazamaji. Kaya hii inaye. Huja kila Jumapili baada ya chakula, na husimama.